Kumwangalizia Mtu Mnyama Wake ni Kazi

Nimechagua mada ambayo ukiisikia kwa mara ya kwanza waweza kutabasamu: watu wanaotunza wanyama wasio wao. Simsemi mfugaji, wala daktari wa mifugo. Namsema yule anayeambiwa, "Naenda Lusaka siku nne, niangalizie mbwa wangu," naye akaitikia "haya," na tangu hapo akabaki na dhamana ambayo hakuna aliyemweleza mwanzo wake wala mwisho wake. Katika nchi nyingine mtu huyo anatambulika kwa kazi yake, ana bei yake na ana chama chake. Hapa kwetu Tunduma, na katika mkoa mzima wa Songwe, yupo kwa wingi, lakini hatujamhesabu kuwa anafanya kazi. Hoja yangu leo ni kwamba anafanya kazi, tena kazi yenye hatari, na kwamba taabu zake nyingi hazitoki kwa mnyama. Zinatoka kwenye maneno ambayo mwenye mnyama na mtunzaji walipaswa kuyasema kabla ya safari, wakaona haya kuyasema.

Tuanze na mji wenyewe. Tunduma ni mji wa watu wanaoondoka. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na mwaka 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walikizindua hapa kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya laki mbili katika halmashauri ya mji huu, na riziki ya wengi wao ni kusafiri au kuwahudumia wanaosafiri. Mfanyabiashara wa mahindi, wa mchele, wa nguo au wa vipuri leo yuko Nakonde, kesho Lusaka au Lubumbashi, wiki ijayo Kariakoo. Nyuma yake anaacha nyumba yenye ukuta, duka na ghala, na ndani ya ukuta huo kuna mbwa wawili watatu wa ulinzi. Ghalani kuna paka, maana panya nao wanajua kwamba Songwe ni mkoa wa mahindi. Uani kuna kuku, na mara nyingi banda la nguruwe. Wanyama hawa hawasafiri na mwenyewe. Mbwa kuvuka mpaka kihalali kunataka chanjo na karatasi za mamlaka ya mifugo, na hata pasipo mpaka, ni vigumu kupata basi la abiria litakalompakia mbwa wa ulinzi kwa safari ya kilomita zaidi ya mia tisa hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo wanyama wanabaki, na lazima mtu abaki nao.

Mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni mlinzi wa usiku, aliyeajiriwa kulinda geti. Mara nyingine ni dada wa kazi, aliyeajiriwa kupika, kufua na kulea watoto. Au ni jirani, au kijana wa ukoo aliyekuja mjini kutafuta maisha akapewa chumba cha uani. Hakuna kati yao aliyechukuliwa kwa ajili ya mnyama. Mnyama aliongezwa tu juu ya kazi nyingine, au juu ya ujirani, pasipo mjadala. Na nje ya mji, kuelekea Momba na bonde la Ziwa Rukwa, yuko mkubwa wao katika shughuli hii: kijana wa ng'ombe, anayechunga kundi la mtu mwingine kuanzia umande hadi jua kuzama. Huyu wa mbwa na yule wa ng'ombe wanatofautiana kwa mengi, lakini wote wawili wameshika uhai ambao si mali yao, na wote wawili wataulizwa wao kwanza ukipotea. Kwa sababu hiyo nitawaita wote watunzaji.

Wengi hudhani kazi yenyewe ni kutupia ugali na kuondoka. Haiko hivyo. Mbwa aliyeachwa na mwenyewe huweza kukataa chakula siku ya kwanza, hata ya pili. Mtunzaji anatakiwa ajue kama ni upweke au ni ugonjwa. Akikosea upande mmoja atamlipa daktari bure, akikosea upande wa pili atamzika mbwa wa watu. Anatakiwa ajue mbwa yupi hawezi kula karibu na mwenzake, yupi hafunguliwi mpaka geti limefungwa, yupi anaogopa radi na kuruka ukuta mvua zikianza. Kuku wanahitaji chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu hivi. Tarehe ikiangukia ndani ya safari na mwenyewe hakusema, kundi zima laweza kwisha ndani ya siku chache. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na inaingia bandani kwa mabaki ya chakula chenye nyama ya nguruwe au kwa viatu vya mgeni aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa. Kwa hiyo mtunzaji wa nguruwe anatakiwa awe na ujasiri wa kumzuia mlangoni hata rafiki wa mwenye nguruwe. Haya yote ni maarifa, na maarifa kila mahali duniani yana thamani.

Ni haki pia kuzitaja raha za kazi hii, maana zipo. Mnyama hajui kujipendekeza. Mbwa aliyekubwekea Jumatatu akakupokea getini Alhamisi amekupa ushahidi kwamba ulimtendea vizuri, na hakuna aliyemshawishi. Mtunzaji hodari hujulikana mtaani haraka. Aliyekabidhiwa mbwa hukabidhiwa na funguo, na katika mji uliojaa wageni kama Tunduma, mtu kuaminiwa na funguo za watu ni mtaji. Dada wa kazi anayejua kupima kama ndama ana homa, au mlinzi anayejua kutoa kupe na kumpa mbwa dawa ya minyoo kwa kipimo sahihi, ana ujuzi anaoweza kuondoka nao. Nayasema haya ili tusidhani kwamba watunzaji wanalalamikia wanyama. Ukiwasikiliza, malalamiko yao yanaelekea kwingine.

La kwanza ni fedha. Mwenye mbwa anaondoka na kuacha ahadi: "Nitakuona nikirudi." Chakula alichoacha kinatosha siku tatu, safari inakuwa siku tisa kwa sababu lori limekwama mpakani au mzigo haujatoka forodhani. Laini yake ya Tanzania haipatikani upande wa pili. Mtunzaji anajikuta akinunua dagaa na unga wa dona kwa hela yake mwenyewe, na akimpata tajiri wake kwenye simu anaona aibu hata kutaja ya kutolea. Tajiri akirudi, "nitakuona" inageuka soda na asante. La pili ni muda. Krismasi na Pasaka watu wanapokwenda kwao Mbozi au Ileje, mtunzaji ndiye asiyekwenda, kwa sababu mnyama hana sikukuu. La tatu ndilo zito kuliko yote: mnyama akifa, akiibwa au akimng'ata mtu, nani anabeba hasara? Hapo ndipo urafiki wa miaka unapovunjika kwa siku moja, na hapo ndipo mshahara wa mlinzi unapokatwa kufidia mbwa ambaye hakuwahi kuandikwa katika makubaliano yake.

Msikilizaji, swali hili la hasara si geni, na binadamu alikwisha kulijibu zamani sana. Sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata miaka 3,750 iliyopita, ziliweka ujira wa mchungaji wa kuajiriwa kwa mwaka kwa kipimo cha nafaka. Ziliagiza pia kwamba akimpoteza ng'ombe aliyekabidhiwa atalipa ng'ombe kwa ng'ombe. Lakini simba akiua zizini, mchungaji ataapa kwamba hana hatia na hasara itakuwa ya mwenye mali. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, ambacho kiko katika nyumba nyingi za mkoa huu wenye makanisa kila kijiji, kinafuata njia hiyo hiyo. Mtu akimpa jirani yake punda, ng'ombe au kondoo amtunzie, na mnyama akafa au akaumia pasipo shahidi, kiapo kinatosha na mtunzaji halipi. Mnyama akiibwa mikononi mwake, analipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, alete mabaki yawe ushahidi, na hatalipa. Tazameni jinsi watu wa kale walivyotenganisha uzembe na ajali. Hawakusema mtunzaji abebe kila kitu, wala hawakusema asibebe chochote.

Biblia hiyo hiyo ina kisa cha Yakobo aliyechunga wanyama wa mjomba wake Labani kwa miaka 20. Katika sura ya 31 ya Mwanzo, Yakobo analalamika kwamba jua lilimchoma mchana na baridi ikamtesa usiku, kwamba mnyama aliyeraruliwa alitakiwa amlipe yeye, na kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Kijana wa ng'ombe anayeshinda kwenye joto la bonde la Rukwa, au anayelinda zizi la Mbozi katika baridi ya Juni na Julai, hahitaji mhubiri wa kumfafanulia maneno hayo. Jambo la kuangalia ni kwamba Labani alikuwa ndugu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza mwanzoni ujira uwe nini, kwa kuwa haikufaa ndugu atumike bure. Undugu haukuzuia mazungumzo ya ujira. Kilichomuumiza Yakobo ni kwamba makubaliano yalikuwa yakigeuzwa kila mara na mmoja wao, yule mwenye nguvu.

Sasa tuje kwenye sheria zetu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya mali ambayo mwenyewe ameiweka mikononi mwa mtu mwingine. Msingi wake unaeleweka hata kwa asiyesoma sheria: aliyepokea mali aitunze kama mtu wa busara ya kawaida anavyotunza ya kwake, akifanya hivyo na bado ikaharibika, hawajibiki, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Aliyetunza bure anastahili kurudishiwa gharama za lazima alizotumia. Sheria ile ya India ilitoa hata mfano wa ng'ombe: mtu amemwachia mwenzake ng'ombe, ng'ombe akazaa; ndama ni wa mwenye ng'ombe, kama hapakuwa na makubaliano mengine. Sasa linganisha na desturi ya jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, ambako anayewekewa ng'ombe hunywa maziwa, hutumia samadi shambani, na baada ya muda uliokubaliwa hupewa ndama. Desturi inampa mtunzaji ndama. Sheria, pakiwa kimya, inamnyima. Anayetegemea desturi pasipo kusema neno anaweza kufika mbele ya hakimu akiwa mikono mitupu. Sijui hoja iliyo kubwa kuliko hii ya kuwafanya watu wawili waongee mapema.

Kuna pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayotaka mnyama asiteswe na apatiwe mahitaji yake: chakula na maji, mahali pa kulala, tiba anapougua, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, na kuepushwa hofu. Misingi hiyo mitano iliandikwa kwanza Uingereza mwaka 1979 kwa ajili ya mifugo ya shambani, ikaenea duniani. Mwenye mbwa akisafiri, mahitaji hayo hayasafiri naye. Yanabaki mikononi mwa mlinzi au dada wa kazi. Kumkabidhi mtu wajibu wa kisheria bila kumwachia fedha ya kuutimiza ni kumtega. Na tukumbuke kwamba Amri ya Mshahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Ndani ya fedha ya namna hiyo tumeshaweka kupika, kufua, kuosha vyombo na kulea watoto. Tukiongeza na mbwa watatu bila kuongeza shilingi, tujue tunachokifanya.

Nikisema kazi hii ina hatari, nina maana ya kichaa cha mbwa kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao wako Afrika na Asia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vya Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni kama hakuna; kinga ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali bila kuchelewa kupata sindano, ambazo si moja bali ni kadhaa kwa siku tofauti. Nani anamwambia haya mlinzi anayeachiwa mbwa? Nani anamwonyesha kadi ya chanjo? Akiwa hajui kama mbwa amechanjwa, kila mkwaruzo ni usiku wa mashaka, na nauli ya kwenda hospitali pamoja na gharama za sindano vinamwangukia aliyepata mshahara mdogo kuliko wote ndani ya ukuta huo. Kisiwani Pemba imedhihirika kwamba mbwa wakichanjwa kwa wingi ugonjwa huu unaweza kukomeshwa. Hapa mpakani, magari yanakoingia usiku na mchana na mbwa wanazurura kutoka upande hadi upande, mbwa aliyechanjwa ni ulinzi wa mtunzaji kabla hajawa ulinzi wa duka.

Kijana wa ng'ombe ana hatari yake nyingine, nayo ni shamba la mtu. Migogoro ya wakulima na wafugaji tunaisikia kila msimu. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, anayekamatwa ni aliyeshika fimbo, na mara nyingi mwenye kundi yuko mbali, mjini au mkoa mwingine. Fidia ikilipwa, inakatwa kwenye ujira wa kijana. Lakini uliza: nani alimpa kijana mmoja ng'ombe themanini awapitishe katikati ya mashamba kwenda kunywa maji? Nani aliamua wasiongezwe wachungaji wawili? Uzembe wa mchungaji upo na ulipiwe, nakubali. Ila kundi kubwa kwa mkono mmoja ni uamuzi wa mwenye mali, na hasara yake ni ya mwenye mali. Nami naongeza jambo moja bila kuzunguka: anayemwachia mtoto kundi hilo kwa ujira anavunja sheria, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

Najua yapo mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza linasema: hii ni kuua ujirani. Leo unanitunzia mbwa, kesho nakutunzia kuku. Tukianza kutozana fedha tutabaki na utu gani? Naliheshimu pingamizi hili, na pale ambapo zamu kweli ipo, sina la kuongeza. Majirani wawili wa Vwawa wanaopokezana kuku wakati wa misiba na harusi wanalipana tayari, kwa njia iliyo nzuri kuliko fedha. Lakini angalia zamu yenyewe inavyokwenda mjini. Anayesafiri ni yule yule kila mwezi, na anayebaki ni yule yule. Mlinzi hana siku atakayomwambia tajiri wake, "Nami naenda kwetu, nilishie mbwa wangu." Msaada unaoelekea upande mmoja miaka yote umekwisha kuwa kazi. Kuulipa hakuui ujirani. Kinachouua ni kinyongo cha aliyetumika na hakuambiwa thamani yake.

Pingamizi la pili linatoka kanisani. Wanasema mtu wa mshahara si mchungaji wa kweli: akimwona mbwa mwitu anakimbia, kwa maana kondoo si wake. Mlipe mtu, nao upendo utaondoka. Maneno hayo ya Injili ya Yohana yanasema juu ya moyo wa mchungaji, na sikatai kwamba wapo watu wa mshahara wasiojali. Lakini Yakobo naye alikuwa mtu wa mshahara, na usingizi ulimkimbia kwa ajili ya wanyama wa Labani. Wauguzi wetu wanalipwa na bado wanakesha. Walimu wanalipwa na bado wanawapenda watoto. Mtunzaji aliyekimbia tukimchunguza mara nyingi tutakuta hakulipwa, au hakujua ampigie nani simu mnyama alipoanza kutapika saa nane usiku. Ujira hauleti upendo, lakini unampa mwenye upendo uwezo wa kununua dawa.

La tatu ni la maisha magumu. Watu wenyewe hawajashiba, leo tuzungumzie kumlipa mtu wa kulisha mbwa? Najibu kwamba mbwa wa Tunduma si pambo. Amewekwa pale kulinda mali, na mwenye mali ya kulindwa ana uwezo wa kumlisha mlinzi wake mwenye miguu minne na anayemlisha huyo. Kwa mwananchi wa kijijini, ambaye hana fedha taslimu, ujira haukuwahi kuwa lazima fedha. Mayai ya siku alizotunza, vifaranga viwili, maziwa ya asubuhi, debe la mahindi: vyote hivi ni ujira, mradi vimetajwa kabla. Umaskini unabadilisha kiasi na aina ya malipo. Hauondoi haja ya kukubaliana. Tena kwa maskini, ambaye kuku kumi ndio akiba yake yote, kutoelewana kunaumiza zaidi.

La nne, na ndilo nalisikia mara nyingi, ni kwamba mambo ya mikataba ni ya Wazungu na mawakili. Ni kweli kwamba Marekani wameifanya shughuli hii kuwa taaluma. Mwaka 1994 waliunda chama cha watunza wanyama wa majumbani, na wanachama wake huonana na mnyama kabla ya safari, huandika anachokula, daktari wake ni nani, na ufunguo uko wapi. Lakini Hammurabi hakuwa Mmarekani, na wazee waliokuwa wakiwekeshana ng'ombe mbele ya mashahidi hawakusubiri wakili. Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo liko mfukoni mwa kila mtu. Ujumbe mmoja wa simu unatosha: nakuachia mbwa watatu, wamechanjwa mwezi fulani, chakula kiko stoo, nimekutumia kiasi hiki na ya kutolea, siku ni nne, zikizidi kila siku ni kiasi hiki, akiumwa mpigie bwana mifugo huyu, akifa bila uzembe wako sitakudai. Asiyejua kusoma atume sauti. Maneno hayo hayachukui muda mrefu kuliko kumsubiri abiria mmoja kwenye bodaboda.

Huenda mtu akauliza, kama ni rahisi hivyo, mbona hayasemwi? Nadhani ni kwa sababu ya tofauti ya nguvu. Anayebaki anaogopa kuonekana mchoyo au mjeuri, hasa akiwa anakaa kwenye nyumba ya mwenye mbwa. Anayeondoka anafaidika na ukimya, hata kama hakuukusudia, kwani ukimya unamwachia uamuzi wote atakaporudi. Kwa hiyo wajibu wa kuanza si wa wote wawili sawasawa. Ni wa mwenye mnyama. Yeye ndiye mwenye fedha, ndiye anayeijua tabia ya mbwa wake, na ndiye anayechagua siku ya kuondoka. Akinyamaza, asijifanye ameshangaa akirudi na kukuta mambo hayakwenda alivyotaka.

Basi, msikilizaji unayejiandaa kuvuka Nakonde wiki hii, kabla hujaufunga mkoba kaa na huyo unayemwachia wanyama. Mtajie ujira, mwachie fedha ya chakula na ya dharura, mwonyeshe kadi ya chanjo, na umwambie wazi hasara ipi ni yako na ipi ni yake. Wewe unayeachiwa, uliza usipoambiwa; kuuliza si utovu wa adabu. Maafisa mifugo wa kata, mnapowachanja mbwa, mwandikieni maelekezo na yule aliyewaleta kwa kamba, maana mara nyingi si mwenye mbwa, na ndiye atakayeishi nao. Mwenye kumudu mbwa wa kumlindia mali amudu na ujira wa anayemtunza; asiyeweza kuumudu, asimfuge mbwa huyo.